Makapi ya Dawa kwenye Daraja la Mawe

Juni 9

Mvua za plamu, zile ndefu za majira ya matunda hayo kuiva, zimeanza leo asubuhi, tukiwa bado tunafagia mbele ya duka. Shangazi alizihisi tangu jana. Alipita akivuta droo za dawa moja moja, zote mia moja na ishirini, akasema, "Mbao zimevimba. Kesho mbingu inafunguka." Kuanzia sasa hadi katikati ya Julai kazi yangu ni kupigana na ukungu: kutoa mizizi, kuigeuza juu ya jiko la makaa, kuinusa, kuirudisha.

Nimerudi kutoka chuo cha tiba tangu Machi. Watu wa mji huu hawajui shahada yangu inasema nini, wanajua tu kwamba mimi ni Yishu, mtoto wa marehemu kaka yake Mganga Rong Cuiping, na kwamba nyumba yetu imetibu matumbo kwa vizazi vitatu. Mtu akikosa choo siku nne, haendi kwingine.

Juni 10

Mvua. Wagonjwa tisa, sita wa choo. Unyevu huu unalegeza kila kitu isipokuwa matumbo.

Juni 11

Asubuhi alikuja Mzee Bao, muuza tofu wa mlango wa pili. Ana miaka sabini na mbili na sauti ya mtu anayenadi mnadani.

"Mganga Rong! Siku ya tano leo! Tumbo langu limegeuka ghala la serikali, vitu vinaingia, havitoki."

Watu barazani wakacheka. Shangazi hakucheka. Alimtazama ulimi, akamshika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akauliza kama miguu yake huwa ya baridi usiku, kama anasukuma mpaka jasho linamtoka, kama choo ni kikavu au ni laini lakini hakina nguvu ya kutoka.

"Kikavu. Kama mavi ya mbuzi, samahani, dada."

"Kule nyuma ulikunywa nini?"

Mzee Bao akatazama dari.

"Majani yale ya kuharisha," Shangazi akajijibu. "Kila siku?"

"Kila siku ya pili."

"Kwa muda gani?"

"Tangu mke wangu afariki."

Kumbe miaka minane. Shangazi akaweka kalamu chini. Alimwambia kwamba mto wake umekauka na mashua imekaa juu ya tope, na yeye kila siku ya pili anaisukuma kwa mti. Mashua inasogea hatua moja na mti unazidi kuchimba tope. Dawa yake ni kurudisha maji. Akamwandikia ufuta mweusi, kokwa za pichi, asali, na mizizi mitatu ya kulainisha damu. Mzizi wa manjano, ule mkali wa kuharisha tunaouita dahuang, hakuutia hata kipande.

"Utanichukia wiki mbili," akamwambia. "Wiki ya tatu utaniletea tofu."

Nilijisikia mwenye bahati kukaa nyuma yake na daftari langu.

Jioni, kabla ya chakula, alininyoshea mkono wake kama anavyofanya siku za mazoezi. "Nishike. Unasikia nini?"

Niliweka vidole vitatu. Chini ya kidole cha tatu, mkono wa kulia, palikuwa na kitu kikavu, kinachosita, kama kisu butu kikikwangua mwanzi. Nikabonyeza tena. Kilikuwa bado pale. Lakini huyu ni Shangazi, aliyebeba magunia ya dawa asubuhi hiyo hiyo. Nikafikiri vidole vyangu bado ni vya darasani.

"Mshipa umetulia, Shangazi. Una mizizi."

"Haya," akasema, akaurudisha mkono kwenye mkono wa koti.

Juni 12

Mvua. Ukungu kwenye droo ya tende.

Juni 14

Kwenye Daraja la Mawe, ninapopita kila alfajiri kwenda kununua makaa, mtu amemwaga makapi ya dawa. Wazee wa hapa bado wanafanya hivyo: baada ya kuchemsha dawa wanamwaga makapi njiani, wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa kwenye soli za viatu. Shangazi anauchukia mchezo huo. Wagonjwa wetu anawaambia wayatupe kwenye bustani ya mboga, basi.

Mimi nilichuchumaa. Chuoni nilikuwa nikishinda mashindano ya kusoma makapi. Ufuta, kokwa za pichi, na vipande vinne vya mzizi wa manjano vilivyochemka mpaka vikalegea kama karoti ya supu. Vikichemka hivyo makali yake hupungua. Mtu mwangalifu, basi. Mzee, au mtu anayeogopa.

Vipande vilikuwa vimekatwa kwa mshazari, unene wa sarafu. Maduka mengine ya mji huu yanauza vya mashine, vya mraba. Mshazari ule ni wa kisu chetu.

Juni 15

Nilitaka kumuuliza Shangazi nani amechukua mzizi wa manjano. Nikaangalia kitabu cha maagizo. Wiki hii haujaandikwa kwa yeyote. Nikaona nisiulize, huenda ni mtu anayeona haya, na Shangazi anamfichia. Yeye hufanya hivyo. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa akija kwa mlango wa nyuma mwaka mzima, choo kilimfunga kila mama mkwe wake alipokuja kukaa.

Juni 18

Shangazi alikula uji tu. Anasema joto.

Mazoezi ya mshipa. Kisu kile kile. Nilisema, "Umetulia." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. "Haya."

Juni 20

Makapi tena darajani. Vipande sita.

Juni 21

Mvua inanyesha kama kazi ya kuajiriwa, haipumziki. Maji ya mto yamefika ngazi ya tisa kutoka juu.

Baada ya wagonjwa kuondoka, Shangazi alinipa fumbo la masomo, kama alivyozoea tangu nikiwa na miaka kumi na mbili.

"Mgonjwa. Mwanamke, miaka sitini na moja. Kabla ya mwaka huu choo chake kilikuwa saa. Sasa kinafunga siku tano, kisha kinaharisha siku moja, kisha kinafunga. Kikitoka ni chembamba kama kijiti cha kulia wali. Mara mbili, tatu, kina kitu cheusi. Anakonda. Utampa nini?"

Nilifurahi. Nilijibu harakaharaka: wengu umechoka, pumzi ya mwili haina nguvu ya kusukuma, damu imepungua. Nilitaja mchanganyiko, uzito wa kila mzizi, hata muda wa kuloweka. Nilisema mzizi wa manjano asipewe, au apewe kidogo tu, uliochemka sana.

Chuoni, katika muhula ule mmoja wa tiba ya Magharibi, mhadhiri angenikatiza hapo hapo. Angesema: mtu wa umri huo, choo kilichobadilika ghafla na kuwa chembamba, damu, kukonda, kabla ya jani lolote apelekwe akapigwe picha ya utumbo. Maneno hayo yalinifika mdomoni kabisa. Sikuyasema. Katika nyumba hii kumtuma mgonjwa wa tumbo hospitali ni kama kushusha kibao cha babu mlangoni.

"Jibu zuri," Shangazi akasema, akiitazama mikono yake. "Lina mpangilio."

Nimeandika hapa sifa hiyo kwa sababu hanisifu mara nyingi.

Juni 24

Wagonjwa kumi na mmoja. Msichana wa kiwanda cha taulo ambaye haruhusiwi kwenda chooni zamu inapoendelea; Shangazi alimpa dawa ndogo na barua kubwa kwa msimamizi wake. Mzee Bao alipita barazani akiimba. Hakuingia.

Juni 27

Makapi. Leo sikuchuchumaa, nilipiga magoti kwenye maji.

Vipande vinane, na vilikuwa vigumu. Nilikivunja kimoja: ndani bado manjano ya kung'aa. Hiyo ina maana havikuchemka pamoja na vingine. Vilitiwa mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua, ili makali yabaki yote. Aliyeogopa wiki mbili zilizopita haogopi tena, au anaogopa kitu kingine zaidi.

Ufuta haumo. Kokwa za pichi hazimo. Ameacha kutia maji mtoni, ameanza kusukuma.

Nilirudi dukani nikafungua droo. Mwezi uliopita ilikuwa imejaa hadi kwenye kingo. Sasa naona mbao za chini.

Juni 28

Nina hakika ni Mzee Bao. Ana pupa, hakuweza kungoja wiki ya tatu. Ananinyima usingizi mzee huyu. Atajitoboa utumbo.

Juni 30

Maji yamefika ngazi ya tano. Shangazi amejifunga mkanda wa koti kwa tundu jipya alilotoboa kwa msumari. Nilipomuuliza kama anaumwa alinijibu, "Mvua za plamu humkondesha kila mtu. Geuza dawa." Tulikuwa tukila meza moja miaka kumi na minne. Sasa anasema atakula baadaye, nami sioni bakuli likioshwa.

Mazoezi. Nilisema, "Mshipa mwembamba kidogo, Shangazi, labda uchovu." Alinitazama, vidole vyangu vikiwa bado juu yake. Alikuwa kama anangoja sentensi inayofuata. Nikaondoa vidole.

"Haya."

Julai 2

Makapi darajani: vipande kumi na viwili, vigumu vyote. Na safari hii vina wenziwe, machungwa machanga makavu na gome nene. Nikiongeza ile chumvi ya kuharisha, inayoyeyuka na haiachi makapi, ninaujua mchanganyiko huo. Ni wa mtu mwenye homa kali na tumbo gumu kama ubao. Mwalimu wetu alituambia katika miaka thelathini aliuandika mara saba.

Sikwenda kununua makaa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bao, akiwa anakata tofu.

"Mzee, acha. Tafadhali acha leo hii."

"Niache nini, binti? Kukata tofu?"

"Mzizi wa manjano. Nimeona makapi yako darajani."

Alinitazama, kisu kikining'inia hewani. Kisha akacheka mpaka marehemu mkewe ukutani akatikisika kwenye fremu.

"Makapi yangu? Mimi yangu natupa kwenye vitunguu, kama alivyoamuru shangazi yako. Vitunguu vimekuwa hivi! Na huko kwingine, binti, ni treni ya saa kumi na mbili na nusu. Kila asubuhi. Haichelewi." Akafuta mikono. "Leo ndiyo wiki ya tatu. Shika, mpelekee tofu yake. Ila mwambie ale. Juzi nilimwona kwenye ngazi za mto, alikuwa ameshika ukuta kama mlevi. Nikamwambia, Mganga Rong, umezeeka kabla yangu! Hakunitukana. Hapo ndipo niliogopa."

Nilisimama na tofu mikononi.

Mwanamke, miaka sitini na moja.

Julai 2, baadaye

Nimeandika mstari ule wa juu na nimeshindwa kuendelea mpaka sasa, saa tisa mchana. Duka limefungwa kwa chakula. Namsikia yuko chooni, nyuma ya ua. Ana nusu saa mle.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Kila kitu kimo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Julai 3

Nilimwambia, "Shangazi, twende hospitali ya wilaya."

"Nani anaumwa?"

"Shangazi."

"Funga mdomo na ufunge droo ya mwisho, inaingiza unyevu."

Nikaifunga. Hakuna mtu aliyenifundisha namna ya kutomtii mwalimu wangu.

Julai 4

Hakula. Alipokea wagonjwa wanane ameketi wima. Mmoja alimwuliza siri ya afya njema ya tumbo. Alimjibu kila kitu: maji ya vuguvugu asubuhi, viazi vitamu, kutembea baada ya kula, kutoahirisha haja, kutolala na hasira. Mgonjwa aliandika.

Julai 5

Mvua. Anatapika. Anasema ni tofu.

Julai 6

Saa moja asubuhi nilimkuta sakafuni jikoni, ameegemea gunia, rangi yake ya nta. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma iliyokazwa. Siku mbili hajatoa hata hewa. Niliweka sikio langu pale: kimya, kisha mlio mdogo wa juu, kama tone kwenye bomba, kisha kimya.

"Chemsha," akasema. "Kipimo kamili. Gome na machungwa kwanza. Mzizi wa manjano mwishoni, dakika tano. Chumvi ukishaepua."

"Shangazi, njia imeziba. Ukisukuma sasa—"

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Baba yangu alinipa dawa hii mwaka wa njaa, nikapona. Chemsha."

Nilikwenda dukani. Nilivuta droo. Vipande vya mwisho vilikuwa vimebaki, kumi, kumi na vitano. Nikavishika kwenye kiganja. Ilinijia njia ya tatu, ya woga: nivichemshe saa nzima, vilegee, nimpe, aseme nimemtii. Lakini yeye angejua kwa harufu kabla sijafika mlangoni. Na hata vilivyolegea vingesukuma utumbo usio na pa kwenda.

Nikavirudisha. Nikasukuma droo. Katika unyevu huu droo zetu hazifungi kimya kimya. Inabidi uzipige kwa nyonga.

Kutoka jikoni nilisikia sauti yake, ndogo sana. "Nimesikia droo."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umeifunga."

"Nimeifunga."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Nilikimbia kwa Mzee Bao.

Alimwaga trei zake za tofu barabarani, zote, za soko zima la siku ile, akatandika godoro lake mwenyewe kwenye guta, baiskeli yake ya mizigo ya magurudumu matatu. Daraja la Mawe lilikuwa chini ya maji. Tulizunguka kwa barabara ya mashamba ya chai. Mara tatu tope lilitunasa, nikashuka kusukuma. Mzee Bao hakunyamaza njia nzima.

"Mganga Rong, usife kwenye guta langu, wateja watasema tofu ina mkosi!"

"Endesha, mpumbavu wewe," Shangazi akasema, macho yamefumba.

"Ah! Ametukana! Binti, atapona, ametukana!"

Saa tano kasorobo tulifika. Saa sita walimwingiza kwenye chumba cha upasuaji.

Julai 7

Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Alinionyesha kwa vidole ukubwa wa uvimbe: yai la bata. Wamekata kipande cha utumbo, na kwa sasa choo kitapita kwenye mfuko ubavuni. "Alikunywa dawa kali?" akaniuliza. Nikamtajia zote, na tarehe. Alinitazama juu ya miwani. "Dozi moja zaidi jana asubuhi na utumbo ungepasuka." Kisha akasema kuna kitu kwenye ini ambacho wataangalia.

Sikuuliza kitu gani. Naam, niliuliza. Madoa mawili.

Julai 9

Homa.

Julai 10

Homa. Mvua.

Julai 12

Homa imeshuka. Alikunywa vijiko vitatu vya maji ya wali. Muuguzi alipokuja kuubadilisha mfuko, Shangazi aligeuza uso ukutani. Mimi sikugeuza. Nilijifunza namna ya kuufunga.

Julai 13

Nilirudi nyumbani kwa basi kuchukua nguo. Maji yameshuka. Kwenye Daraja la Mawe hakuna makapi, mto umeyala yote. Ndani ya duka ukungu umeota kwenye droo arobaini, mweupe kama manyoya ya kifaranga. Wiki moja tu sikugeuza. Barazani walikuwapo wagonjwa watatu wakingoja mlango uliofungwa. Nilimpokea kila mmoja. Wa pili, seremala wa miaka hamsini na minane, alisema choo chake kimebadilika tangu majira ya baridi. Nilimwandikia barua ya hospitali. Aliishika kana kwamba nimempa kitu kichafu. "Mganga Rong angenipa dawa," akasema. Nikamwambia dawa atapata akirudi na picha.

Julai 15

Leo jua limetoka, jua la kwanza baada ya siku thelathini na sita. Wodi nzima imening'iniza shuka madirishani.

Shangazi alikuwa ameketi, mto mgongoni. Nilimwambia habari ya ukungu, na ya seremala. Nilingoja. Akasema tu, "Ukungu usiuoshe. Piga brashi, kisha anika."

Baada ya muda nilimwuliza jambo lililokuwa likinikera. "Shangazi unachukia kumwaga makapi njiani. Kwa nini ukamwaga?"

"Ili yakanyagwe."

"Huamini mambo hayo."

"Siamini." Alikunja pindo la shuka, akalikunjua. "Ni nani anayepita darajani wa kwanza kila alfajiri?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Ni nani tangu mtoto haoni makapi bila kuchuchumaa?"

"Mimi."

"Mwanzo niliwaza, atasoma, atakuja kuniuliza. Hukuja. Nikaongeza." Alitabasamu kidogo, vibaya. "Nilikupa hata fumbo. Ukanijibu kama mtihani. Ningekuambia vipi, Yishu? Mimi ndiye Mganga Rong. Watu wanatembea siku nzima waje niwafungue choo."

Nilitaka kulia, nikaona hiyo pia ingekuwa njia ya kukimbia.

Alininyoshea mkono, wa kulia, kiganja juu. Una alama za sindano mpaka kwenye kiwiko.

"Nishike. Unasikia nini?"

Niliweka vidole vitatu. Sikuharakisha. Nilihesabu mapigo hamsini, kisha nikashika na mkono wa kushoto nikahesabu hamsini mengine, kama inavyotakiwa na kama sikuwahi kufanya kwake.

"Mwembamba," nikasema. "Mkavu. Unasita, kama kisu butu kwenye mwanzi. Chini ya kidole cha tatu karibu haupo. Na kuna kitu kwenye mkono wa kushoto pia, Shangazi, upande wa ini. Umekaza kama uzi."

"Tangu lini?"

"Wa kulia tangu Juni kumi na moja. Wa kushoto nimeusikia leo."

Alifumba macho. Nje mtu alikuwa akipiga shuka vumbi, pa, pa, pa.

"Vizuri," akasema. Mkono hakuurudisha.